Namba moja kwa tovuti nzima, namba kwa kila kipimo, au namba kwa kila picha: njia tatu za kupanga ubora wa picha zilizopunguzwa

Mfumo wa tovuti unapopokea picha kubwa na kuitolea nakala ndogo, hufanya kazi mbili ambazo watu wengi huziona kuwa moja. Kwanza hupunguza vipimo, yaani idadi ya pikseli za upana na urefu. Kisha huibana nakala hiyo mpya kabla ya kuihifadhi kwenye seva. Kazi ya kwanza huamuliwa na mpangilio wa ukurasa na haina mjadala mwingi, kwa kuwa safu yenye upana wa pikseli 768 inajieleza yenyewe. Kazi ya pili huamuliwa na namba kati ya 1 na 100 iitwayo ubora, na hapo ndipo maswali mawili huzuka: namba hiyo iwe ngapi, na ipangwe katika ngazi gani ya mfumo.

Swali la kwanza ndilo linaloulizwa zaidi. Kwa maoni yangu, la pili lina uzito mkubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mtu aliyechagua namba ya wastani na kuiweka mahali pafaapo hupata matokeo mazuri kuliko aliyehangaika wiki nzima kutafuta namba bora na kisha kuitumia kwa picha zote bila kubagua. Kwa hiyo ulinganisho huu unahusu ngazi tatu: namba moja inayotawala tovuti nzima, namba inayotofautiana kulingana na kipimo cha nakala, na namba inayotafutwa upya kwa kila picha.

Namba hiyo hupima nini

Ubora si asilimia, na picha iliyobanwa kwa ubora wa 80 haijabakiza asilimia 80 ya kitu chochote. Umbizo la JPEG, ambalo kiwango chake kilipitishwa mwaka 1992, hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kugeuza kila mraba kuwa namba 64 zinazoeleza jinsi mwanga unavyobadilika ndani yake, kuanzia mabadiliko ya taratibu hadi yale ya ghafla. Kila mojawapo ya namba hizo hugawanywa kwa kigawanyo chake, kisha jibu husogezwa hadi namba nzima iliyo karibu. Katika kusogezwa huko ndimo taarifa hupotea moja kwa moja, na kigawanyo kikiwa kikubwa, kinachopotea nacho huwa kingi.

Ubora, basi, ni njia fupi ya kusema vigawanyo viwe vikubwa kiasi gani. Katika libjpeg, maktaba ambayo kipimo chake cha 1 hadi 100 kimeigwa na programu nyingi, ubora wa 50 hutumia jedwali la vigawanyo kama lilivyo. Ubora wa 75 hutumia nusu ya thamani hizo, 82 hutumia asilimia 36, 90 hutumia asilimia 20 na 95 hutumia asilimia 10. Kigawanyo cha mwisho katika jedwali la mwanga, kile kinachosimamia vitu vidogo kabisa, ni 99. Kwa ubora wa 60 hushuka hadi 79, kwa 75 hadi 50, kwa 82 hadi 36, na kwa 90 hadi 20. Ukizitazama thamani hizi utaona jambo ambalo namba yenyewe hulificha: hatua tano kutoka 90 hadi 95 hupunguza vigawanyo kwa nusu, sawasawa na zifanyavyo hatua 25 kutoka 50 hadi 75. Ndiyo sababu faili huvimba upesi mara tu unapovuka 90, ilhali jicho halioni tofauti yoyote ya maana.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ubora hausemi lolote kuhusu uzito wa faili. Picha ya msitu wenye majani mengi na picha ya ukuta mweupe, zikiwa na vipimo sawa na ubora uleule wa 75, zinaweza kutofautiana uzito mara kadhaa, kwa sababu ukuta hauna cha kuelezwa ndani ya miraba yake. Na isitoshe, 75 ya programu moja si lazima ilingane na 75 ya nyingine, na ubora wa JPEG haulinganishwi hata kidogo na ubora wa WebP au AVIF, maumbizo mapya zaidi ya picha, ambazo zina kipimo chao.

Namba moja kwa tovuti nzima

Hii ndiyo hali ambayo tovuti nyingi zimo, iwe kwa kuchagua au kwa kutojua. WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, ilikuwa ikitumia 90 kwa JPEG hadi toleo la 4.5 la mwaka 2016, lilipoishusha hadi 82. Kwa WebP hutumia 86. Drupal, mfumo mwingine wa aina hiyo, huanza na 75, nayo hubadilishwa katika ukurasa wa mipangilio ya zana ya picha bila kuandika msimbo wowote. Maktaba ya sharp, ambayo hutumiwa sana na tovuti zinazojengwa kwa Node (mazingira ya kuendeshea JavaScript kwenye seva), hutumia 80 kwa JPEG na WebP, na 50 kwa AVIF. Anayetaka namba nyingine katika WordPress huongeza mistari michache ya msimbo kwenye kichujio cha wp_editor_set_quality, yaani sehemu ambapo mfumo huruhusu thamani yake ibadilishwe, na kazi imekwisha.

Sifa kubwa ya njia hii ni kwamba inaeleweka. Atakayerithi tovuti baada ya miaka mitatu ataikuta namba moja, mahali pamoja, na hatajiuliza kwa nini picha ya mwandishi imebanwa tofauti na picha ya habari kuu. Haigharimu muda wa seva, haihitaji programu-jalizi, na makosa yake huonekana mapema kwa kuwa yanagusa kila kitu. Kwa tovuti yenye picha chache, au ile ambayo nakala zake zote zinakaribiana vipimo, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapa.

Udhaifu wake hujitokeza pale nakala zinapotofautiana sana. WordPress, kwa mfano, inaweza kutoa kwa picha moja nakala za upana wa pikseli 150, 300, 768, 1024, 1536 na 2048. Namba moja ikitawala zote sita, itakuwa ya juu mno kwa nakala kubwa au ya chini mno kwa nakala ndogo, na mara nyingi msimamizi huichagua kwa kutazama nakala ya katikati, ambayo huenda ndiyo inayopakuliwa kwa nadra kuliko zote.

Tahadhari moja inawahusu wanaotumia ImageMagick, programu ya kuchakata picha, kwa kuandika amri wenyewe. Usipotaja ubora, programu hiyo hukadiria ubora wa picha iliyoingia na kuutumia kwa nakala inayotoka. Ikishindwa kukadiria, hutumia 92. Maana yake ni kwamba picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na ubora wa 98 itazaa nakala yenye 98 vilevile, hata kama nakala hiyo ina upana wa pikseli 300 tu. Kwa hiyo mtu anaweza kuamini kwamba tovuti yake ina namba moja, kumbe ina namba nyingi kama picha zake zilivyo nyingi, na hakuna hata moja aliyoichagua yeye.

Namba kwa kila kipimo

Hapa kila aina ya nakala hupewa ubora wake: kijipicha, yaani ile nakala ndogo kabisa, namba yake, picha ya ndani ya makala namba yake, na picha kubwa ya kichwa cha ukurasa namba yake. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa tovuti nyingi zenye picha za kutosha. Hata hivyo inafaa kuieleza kwa makini, kwa sababu wengi wanaoitumia huipanga kinyumenyume.

Mazoea ni kusema: kijipicha ni kidogo, hakina umuhimu, basi tukibane sana, picha kubwa ndiyo inayotazamwa, basi tuipe ubora wa juu. Hoja hii inasikika vizuri lakini hesabu inaikataa. Kijipicha cha pikseli 150 kwa 150 kina pikseli 22,500. Nakala ya 2048 kwa 1365 ina pikseli 2,795,520, yaani zaidi ya mara 120. Tuseme kijipicha kina uzito wa kilobaiti 8 na nakala kubwa kilobaiti 500, kisha tushushe ubora kiasi cha kupunguza asilimia 30 ya kila kimoja: kwenye kijipicha tumeokoa kilobaiti 2.4, na kwenye nakala kubwa tumeokoa 150. Hata ukurasa ukiwa na vijipicha ishirini, akiba yake yote ni kilobaiti 48, ambayo ni chini ya theluthi moja ya ile iliyopatikana kwenye picha moja tu kubwa.

Upande wa jicho nao unaelekea hukohuko. Picha inapopunguzwa vipimo, vitu vilivyokuwa vimetawanyika katika pikseli nyingi husongamana katika pikseli chache. Uso uliokuwa umeenea katika mamia ya miraba ya 8 kwa 8 sasa unabebwa na miraba michache, na mraba mmoja ukichafuka, jicho au mdomo mzima umechafuka. Katika nakala kubwa hali ni kinyume. Simu na kompyuta nyingi za sasa zina skrini zenye pikseli mbili au tatu katika nafasi ambayo zamani ilichukua moja, na kivinjari huchagua nakala ya pikseli 2048 ili kuionyesha katika nafasi ya vipimo 1024. Kila mraba wa 8 kwa 8 hapo huonekana kama wa 4 kwa 4, na dosari zake husinyaa kiasi kwamba mtazamaji wa kawaida hazioni. Wabunifu wa tovuti waliligundua hili tangu skrini hizo zilipoanza kuenea: nakala kubwa iliyobanwa sana inaweza kuwa nyepesi kuliko nakala ndogo iliyobanwa kidogo, na bado ikaonekana safi zaidi kwenye skrini.

Kanuni, basi, ni kwamba namba ishuke kadiri pikseli zinavyoongezeka. Mahali ninapoanzia mimi kwa picha za kawaida za JPEG ni 82 hadi 85 kwa nakala zisizozidi upana wa pikseli 300, karibu 75 kwa zile za 768 hadi 1024, na 60 hadi 68 kwa zile za 1536 na kuendelea. Sizichukulii kuwa sheria. Nakala kubwa ambayo mtazamaji ataikuza, kama vile picha ya kazi ya sanaa au ramani, haimo katika kanuni hii kabisa, kwa sababu hapo pikseli moja ya picha itafikia pikseli moja ya skrini au zaidi, na dosari zilizokuwa zimejificha zitatoka hadharani.

Kuhusu utekelezaji, mifumo haifanani. Katika Drupal ya msingi ubora ni mmoja kwa mitindo yote ya picha (mtindo ni maelekezo ya kutengeneza nakala ya aina fulani), lakini moduli iitwayo Image Style Quality humwezesha msimamizi kuongeza ubora kama hatua mojawapo ndani ya mtindo husika, bila msimbo. Katika WordPress, kichujio kilichotajwa hapo juu kilikuwa kikipokea namba na aina ya faili tu, kwa hiyo aliyetaka kutofautisha vipimo alilazimika kuzunguka. Kuanzia toleo la 6.8 kichujio hicho hupokea pia vipimo vya nakala inayotengenezwa, na masharti mawili matatu ya upana yanatosha. Kwa wanaotengeneza nakala kwa sharp au kwa hati zao wenyewe, ubora huandikwa pembeni mwa upana, na hakuna kizuizi chochote.

Gharama ya njia hii ni uangalizi. Mtu anapoongeza kipimo kipya na kusahau kukipa namba, hurudi kwenye ile ya msingi kimyakimya. Ndiyo maana ni busara namba ya msingi ibaki ile ya katikati, ili usahaulifu usilete hasara kubwa.

Namba kwa kila picha

Njia ya tatu huacha kuuliza ubora uwe ngapi na badala yake huuliza picha iliyobanwa itofautiane kiasi gani na ile isiyobanwa. Programu hubana picha kwa namba fulani, hulinganisha matokeo na picha ya kabla ya kubanwa kwa kipimo cha ufanano kama SSIM, kilichochapishwa mwaka 2004, au vipimo vya baadaye vinavyoiga jicho kwa ukaribu zaidi. Ikiona tofauti ni ndogo mno hushusha namba, ikiona imezidi huipandisha, hadi ifike kwenye kiwango kilichowekwa. Huduma za kusambaza picha kama Cloudinary hutoa uamuzi wa aina hiyo kwa kigezo cha q_auto ndani ya anwani ya picha.

Kwa ufanisi, hakuna njia inayoishinda hii. Anga ya buluu inayofifia taratibu huonyesha ngazi na vijisanduku mapema sana, ilhali majani, nyasi na changarawe huficha dosari vizuri, kwa hiyo picha mbili zilizowekwa kwenye mtindo mmoja zinaweza kuhitaji namba zilizoachana kwa pointi 20 au zaidi. Njia mbili za mwanzo haziwezi kulijua hilo, na ukizifuata utachagua namba inayoinusuru anga na kuwalipisha watazamaji wote baiti za majani.

Gharama yake nayo si ndogo. Kila nakala hubanwa mara kadhaa badala ya mara moja, na kwa AVIF, ambayo hubana polepole kuliko JPEG, seva dhaifu italemewa ikiwa kazi hiyo inafanyika wakati mtu anapakia picha. Anayekodi huduma ya nje huondokana na mzigo huo lakini huingia katika utegemezi: anwani za picha zote hubeba jina la huduma hiyo, na kuhama baadaye ni kazi. Vilevile kipimo cha ufanano hakijui kilicho muhimu katika picha. Kinaweza kuridhika na picha ambayo kwa jumla iko sawa huku maandishi madogo mekundu kwenye kona yakiwa yametapakaa rangi.

Suala hilo la maandishi linastahili aya yake, kwa kuwa hakuna njia kati ya hizi tatu inayolitatua. JPEG kwa kawaida huhifadhi taarifa za rangi kwa robo tu ya pikseli zilizopo, kwa sababu jicho hutofautisha mwanga vizuri kuliko rangi. Kwa picha ya mandhari hilo halionekani. Kwa maandishi yenye rangi kali huonekana mara moja, na kupandisha ubora kutoka 75 hadi 85 hakusaidii sana. ImageMagick huacha kupunguza rangi ubora unapofika 90, na programu nyingine huhitaji kuelekezwa waziwazi. Kwa picha za skrini, michoro na nembo, jibu sahihi mara nyingi ni PNG au WebP isiyopoteza taarifa, ambako ubora tunaouzungumzia hapa hauhusiki.

Kabla na baada ya kuchagua

Namba yoyote utakayoichagua haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Picha iliyopakiwa ikiwa imebanwa vibaya tayari, ubora wa 95 utahifadhi madoa yake kwa uaminifu na kwa baiti nyingi. Pakia picha asili yenye ubora wa juu na uuachie mfumo kazi ya kubana. Ukumbuke pia kwamba ubora unaoupanga unagusa nakala zinazotengenezwa, wala haugusi faili uliyoipakia. Katika WordPress, picha inayozidi pikseli 2560 hutengenezewa nakala iliyopunguzwa hadi kipimo hicho, lakini iliyo chini ya hapo ikitumiwa kwa ukubwa wake kamili itatoka kama ilivyoingia.

Majaribio hayahitaji maabara. Chukua picha zisizozidi kumi zinazofanana na zile za tovuti yako, na uhakikishe kuna ngozi ya mtu, anga, majani na maandishi. Zitengeneze kwa ubora wa 50, 60, 70, 80 na 90, kisha uzitazame kwa kipimo ambacho zitaonyeshwa kweli, kwenye simu na kwenye skrini ya kawaida. Kosa la kawaida ni kuzikuza mara nne kwenye kompyuta na kuogopa kinachoonekana. Hakuna mtazamaji wa tovuti atakayefanya hivyo. Mwombe mtu asiyejua namba achague iliyo mbaya, na pale anapoanza kuikosea mara kwa mara, umeshapata mpaka wako.

Kilichonichelewesha mimi mara ya kwanza hakikuwa kuchagua namba. Nilishusha ubora, nikapakia ukurasa upya, nikaona uzito uleule, nikashusha tena, na nusu ya siku ikapita kabla sijatambua kwamba nilikuwa nikitazama faili za zamani. WordPress hutengeneza nakala wakati wa kupakia picha, kwa hiyo zilizopo hazibadiliki hadi zitengenezwe upya, kazi ambayo kwenye seva hufanywa kwa amri ya wp media regenerate. Drupal hutengeneza nakala pale inapoombwa kwa mara ya kwanza na kuihifadhi, kwa hiyo ukibadili namba ya jumla unapaswa kufuta zilizohifadhiwa kwa amri ya drush image:flush ili zitengenezwe kwa namba mpya. Na hata baada ya hapo, kivinjari cha mtu aliyewahi kuutembelea ukurasa kinaweza kuendelea kutumia nakala aliyoihifadhi, maana jina la faili halijabadilika; jaribu kwa dirisha la faragha, au ongeza alama mpya mwishoni mwa anwani ya picha, kabla ya kuamua kwamba namba yako haijafanya kazi.